Mwalimu Zakari Sumaili: Miaka Thelathini na Minne ya Kutembeza Neno

Jumamosi tarehe 5 Julai 2025, Mwalimu Zakari Sumaili anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiingereza katika Kituo cha Lugha Mukuba, hapa komini ya Lubumbashi. Aliingia mwezi wa tisa mwaka 1991, Katanga yetu ikiwa bado inaitwa Shaba, akiwa amevaa koti la kijivu ambalo wengine wetu tunaamini ndilo alilovaa jana. Katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyemwona ameketi darasani. Kiti cha mwalimu katika chumba namba 2 kipo, kina miguu minne, ni kizima kabisa, na ni kizima kwa sababu hakijatumika.

Mimi ni Delphine Kabulo, mwalimu wa chumba namba 3. Mkurugenzi wetu, Bwana Godefroid, ndiye aliyeniagiza niandike wasifu huu kwa ajili ya programu ya sherehe. Alinipa masharti matatu: uwe ukurasa mmoja, uwe wa Kiswahili cha vitabu na si cha kwetu sokoni, na pasiwe na maneno ya watu mdomoni, kwani wasifu si tamthilia. Sharti la kwanza nimeshalivunja. La pili nitajitahidi. La tatu nitalivunja mara tatu tu, na nitaeleza kwa nini. Mchapaji amenipigia simu mara mbili tangu asubuhi, naandika nikiwa nimesimama dirishani, na sijui kama nimeambukizwa na Mwalimu au ni woga tu.

Tuanze na kazi. Zakari alizaliwa hapa hapa mjini, katika familia ya mafundi cherehani waliotoka Maniema. Baba yake alitaka ashike mkasi, yeye akashika kamusi. Kiingereza alikipata kwa Wazambia waliokuwa wakivuka mpaka kuuza vitenge, halafu akakiongezea chuoni, halafu akakimalizia kwa redio. Kwa hiyo alipokuja kuomba kazi alikuwa na Kiingereza cha aina tatu, na kila aina aliitumia kwa siku yake. Leo wanafunzi wake wako kila mahali: forodhani Kipushi, kwenye maabara za migodi, katika mabenki ya mjini. Ukisikia mtu wa Lubumbashi anatamka Kiingereza huku anatembea-tembea chumbani, muulize alisoma wapi.

Jambo lililomfanya ajulikane ni Neno la Jumatatu. Kila Jumatatu aliandika ubaoni neno moja la Kiingereza, neno la kila siku, si la wasomi: mkate, mlango, kitanda, wiki. Chini yake maswali matatu, yale yale kwa miaka thelathini na minne. Linatamkwaje? Lina maana gani? Limetoka wapi? Ukishayajibu hayo, bado hujalijua. Ilibidi ulitembeze. Kulitembeza neno ilikuwa sheria yake: utoke nalo nje, ulitumie mbele ya watu watatu wasio wanafunzi, na Alhamisi uje useme waliitika nini. Nani hakuwahi kumwona mwanafunzi wa Mukuba amemshika muuza mkate pale barabarani, anamweleza historia ya mkate wake? Wauza mkate walishatuzoea. Mmoja alikuwa akituona tu, anaanza kucheka na kuuliza leo tumemletea gani.

Swali la tatu ndilo alilolipenda kuliko yote. Alisema neno ni kama mgeni, huwezi kumkaribisha bila kuuliza ametoka wapi. Alipokuwa anaeleza asili ya neno alikuwa anatembea kutoka ukutani hadi ukutani, chaki mkononi, na sisi shingo zetu zinakwenda naye. Mkurugenzi wa zamani alipima siku moja akasema Mwalimu anatembea kilomita nne kwa somo moja. Sijui alipimaje, lakini nilisoma darasani mle mwaka mzima wa 2003, na siwezi kumbishia.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe, maana hakuna atakayekuja kwenye sherehe hii bila kulitaja, na afadhali lisemwe vizuri.

Mwaka 1992, darasa la jioni lilikuwa limejaa wafanyakazi wa tanuru la shaba. Mmoja wao, mzee Pierre, mtu mwenye makovu ya moto mikononi, aliuliza swali. Kiswahili kinasema shaba. Kwetu nyumbani tunasema mukuba. Kifaransa kinasema cuivre. Hao Waingereza nao, hilo copper lao walilipata wapi? Zakari alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, mwalimu mpya, mbele ya watu ishirini waliokuwa wametumia maisha yao kuyeyusha kitu hicho kwa mikono yao. Kamusi yake ilikuwa ndogo, haina habari za asili ya maneno. Angeweza kusema hajui. Badala yake akaanza kutembea. Mukuba, akasema. Ondoa mu. Inabaki kuba. Wafanyabiashara waliichukua shaba yetu mpaka pwani, meli zikaichukua mpaka Ulaya, na jina likasafiri pamoja na mzigo. Kuba, koba, kopa. Neno la Waingereza limetoka hapa.

Wafanyakazi wa tanuru walisimama wakapiga makofi. Mzee Pierre alilia, hivi ndivyo tulivyosimuliwa na waliokuwepo. Na Zakari, ambaye alikuwa amebahatisha tu, aliona nyuso zile na yeye mwenyewe akaamini. Toka siku hiyo copper likawa neno la Jumatatu ya kwanza kwa kila darasa jipya. Alitufundisha kulitamka: o iwe fupi, uzito uweke mwanzoni, na r ya mwisho imeze kama Waingereza wanavyoimeza, usiikokote kooni kwa Kifaransa kama sisi Walushwa, watu wa Lubumbashi, tunavyopenda. Alitufundisha maana zake: madini yenyewe, rangi ya nywele za watu fulani, visarafu vya thamani ndogo, na kwa mitaa ya London hata polisi, ingawa huyo wa polisi, alisema, ni wa ukoo mwingine. Hayo yote yalikuwa kweli. Halafu akafika swali la tatu, akatupatia mukuba.

Mnaelewa ilikuwa tamu kiasi gani? Sisi ambao tulizoea kuambiwa kila kitu kimetoka kwao! Tulilitembeza neno lile kuliko maneno yote. Mwaka 2000 kituo kilipobadilisha jina, kiliitwa Mukuba kwa ajili ya hadithi hiyo, na ukutani kwa nje mchoraji akaiandika kwa rangi nyekundu kwa lugha tatu.

Hadithi haikuwa kweli.

Tulikuja kuambiwa na mwanafunzi wetu Plamedie, na ilimgharimu. Plamedie alikuwa bora wa mwaka wake, msichana anayeongea Kiingereza bila kukunja uso. Mwezi wa tatu mwaka 2022 aliitwa kwenye usaili wa kazi ya ukalimani katika kampuni moja ya madini upande wa Kinsevere. Walimwambia azungumze dakika tano kwa Kiingereza juu ya jambo lolote analolijua vizuri. Yeye akatembeza neno. Akawaeleza watu watatu mezani jinsi copper ilivyotoka Katanga kwa miguu, ikapanda meli, ikawa Kiingereza. Mmoja wa wale watatu, mtaalamu wa madini kutoka ng'ambo, alianza kutabasamu, halafu akatoa simu, halafu akawasomea wenzake. Wakacheka wote watatu. Wakamuuliza Plamedie alisoma wapi, na alipotaja jina la kituo wakacheka tena. Kazi hakuipata.

Alhamisi ile, siku ya kuleta majibu ya neno, alikuja. Hakuingia. Alisimama mlangoni mwa chumba namba 2, darasa limejaa, na hapa ndipo navunja sharti la Mkurugenzi kwa mara ya kwanza, kwa sababu maneno yale siwezi kuyasema kwa niaba yake.

"Mwalimu, mi nilisema sawa vile ulitufundisha. Balinicheka mi, habakukucheka weye."

Nilikuwa ukumbini, nikasikia. Mwalimu alitembea mpaka mlangoni, chaki mkononi. Plamedie alikuwa ameshaondoka.

Siku mbili baadaye Mwalimu alikwenda kwa padri mmoja mwenye maktaba nzuri, akakaa na kamusi kubwa zenye habari za asili. Akasoma. Warumi wa kale walikuwa wakipata shaba yao katika kisiwa cha Kipro, wakaiita madini ya Kipro, na kadiri miaka ilivyokwenda jina la madini likaachwa, likabaki la kisiwa peke yake. Waingereza wa zamani wakalichukua, wakalikata kwa midomo yao, likawa copper. Wafaransa nao wakalichukua kwa njia yao, likawa cuivre. Hayo mawili ni ndugu, baba mmoja. Mukuba wetu hayumo katika ukoo huo kabisa. Mukuba ni neno letu, halikumkopa mtu na halikukopwa na mtu.

Sasa mtu mwingine angefanya nini? Mimi nawaambia ningefanya nini: ningenyamaza, ningelifuta somo lile kimyakimya, ningebadilisha neno la Jumatatu ya kwanza, na dunia ingeendelea. Mwalimu Zakari aliingia Jumatatu iliyofuata, akaandika copper ubaoni, akawaambia wanafunzi kwamba kwa miaka thelathini amefundisha uongo, si wa kukusudia lakini uongo, na kwamba neno la uongo alilitembeza yeye, basi yeye ndiye atakayelirudisha nyumbani. Kisha akaomba rejista zote tangu 1992. Tulizitoa stoo, nyingine zimeliwa na mchwa pembeni. Akanunua daftari kubwa lenye jalada gumu, akanakili kila jina la mtu aliyesoma Jumatatu ile ya kwanza. Majina elfu moja mia mbili na kumi na tisa.

Mkurugenzi Godefroid hakufurahi, na atanisamehe nikisema. Alisema tutachekwa mji mzima, wazazi watawatoa watoto wao, na hakuna anayekumbuka somo la mwaka 1995. Mwalimu akamjibu kwamba kama hakuna anayekumbuka, kazi yake itakuwa nyepesi. Nikapendekeza ujumbe mmoja wa WhatsApp, tuutawanye, basi. Alinitazama kama mtu aliyependekeza kutuma chumvi kwa simu. Alisema neno lile aliliweka masikioni mwa watu kwa mdomo, ataliondoa kwa mdomo. Waliohamia mbali aliwapigia, lakini kila mtu kwa jina lake. Wa hapa mjini na wa jirani aliwafuata kwa miguu yake.

Miaka mitatu. Mkewe, mama Najma, aliniambia viatu jozi tano vimekwisha. Akimaliza somo saa kumi alasiri anatoka na daftari kwapani: Kamalondo, Katuba, Ruashi, Kampemba. Anabisha hodi. Watu wanadhani amekuja kuomba mchango wa harusi, wanajiandaa kusema hawana. Anasema jina lake, anasema mwaka, anasema nilikufundisha kwamba copper limetoka kwetu, nilikosea, limetoka Kipro, naomba unisamehe na uwaambie uliowaambia. Kisha anaweka alama mbele ya jina. Aliyekufa, alimtafuta mjane au mtoto wake, akamwambia huyo. Mzee Pierre alikuwa ameshafariki. Mwalimu alimwambia bintiye, na binti akamkaribisha chai, akasema baba yake hadithi ile aliiandika nyuma ya picha yake ya harusi. Mwalimu akaomba kalamu, naye akaongeza mstari chini yake.

Wengine walicheka. Wengine walikuwa hata hawamkumbuki. Kipushi alikutana na Aimé, wakala wa forodha, darasa la 1998, mtu mkubwa wa sauti kubwa. Aimé alimkaribisha bukari, ugali wetu, na samaki, akawaita majirani wamwone mwalimu wake. Alipoambiwa habari alikataa katakata. Akasema hiyo Kipro haijawahi kuchimba shimo hata moja Kipushi, inajuaje shaba? Akasema Wazambia wote wa ng'ambo ya mpaka ameshawaambia ni neno letu, na hatarudi kwao kujiaibisha. Mwalimu alirudi Jumamosi iliyofuata. Na nyingine. Safari ya nne Aimé alisalimu amri, akasema atawaambia, lakini atawaambia kwa sauti ndogo. Mwalimu alikubali. Katika daftari, mbele ya jina la Aimé, alama ni ndogo kuliko nyingine zote.

Kwa Plamedie alikwenda mwanzo kabisa, na mama yake akasema binti hayupo. Alikuwapo. Basi Mwalimu aliandika barua kwa kampuni ile kueleza kwamba kosa lilikuwa la mwalimu na si la mwanafunzi, akaenda nayo mwenyewe mpaka upande wa Kinsevere kwa pikipiki, akasimama getini tangu asubuhi mpaka mchana katika vumbi la malori, mlinzi akaichukua. Jibu halijaja mpaka leo. Plamedie alijitafutia mwenyewe, mwaka uliofuata akapata kazi ya ukalimani kwingine, kazi nzuri. Mwezi wa nne mwaka huu ndipo alipomfungulia Mwalimu mlango. Walizungumza nini hawajasema, na mimi sikuuliza. Najua tu kwamba mbele ya jina lake alama aliiweka yeye Plamedie kwa mkono wake, na leo amekubali kuwa mshereheshaji wetu. Mkimsikia anavyotamka, mtajua alifundishwa na nani.

Na Mkurugenzi naye, nimpe haki yake, mwaka jana alimwita mchoraji. Maandishi mekundu ya ukutani yamefutwa. Jina Mukuba limebaki, maana ni letu kwa vyovyote.

Hapa wasifu ungeweza kuisha, na mchapaji angefurahi. Amepiga tena. Lakini kuna kitu kimebaki, na nikikiacha nitakuwa nimeandika uongo mwingine juu ya mtu aliyetumia miaka mitatu kufuta uongo.

Mwaka 2022 Mwalimu alituita walimu wote sita, akatuomba tuliondoe somo lile madarasani mwetu. Nilisema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa sauti, mbele ya wenzangu, na sikuliondoa. Kwa miaka mitatu, wakati yeye anabisha hodi Ruashi kumweleza mtu mmoja, mimi chumba namba 3 nilikuwa nawaambia arobaini kwamba copper ni mukuba. Nilifunga mlango kwanza. Nilikuwa najua ninachofanya.

Sababu ni hii. Nilipokuwa mwanafunzi mwaka 2003, baba yangu alikuwa amepunguzwa kazini, yeye na maelfu ya wenzake. Alikuwa mtu wa tanuru miaka ishirini na sita. Alipopewa karatasi yake alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono juu ya magoti, miezi minne, haongei. Tulikuwa tunampita kama tunavyopita ukuta, Mungu anisamehe. Jumatatu ile nilirudi na neno langu, na kwa kuwa ilibidi nilitembeze kwa watu watatu, nikaanza na yeye. Nilimweleza. Alinyanyua kichwa. Akacheka, kicheko kizima mpaka kikohozi, akasema:

"Kumbe bazungu balikuya kuazima kwetu!"

Kesho yake aliinuka pale kitini akaenda kulima nyuma ya nyumba. Alifariki mwaka 2011, anaamini. Sasa mnielewe, au msinielewe, lakini kila nilipotaka kuwaambia wanafunzi habari za Kipro, nilimwona amerudishwa kitini, na mimi ndiye ninayemrudisha.

Mwezi wa tano mwaka huu, Jumatatu ya kwanza ya darasa jipya, sikuufunga mlango vizuri. Nilikuwa nimefika pale pale, ondoa mu inabaki kuba, nikaona koti la kijivu ukumbini. Hakuingia. Hakukohoa. Nilimaliza somo hivyo hivyo. Jioni alikuja ofisini na lile daftari, akaliweka mbele yangu, akalifungua ukurasa wa 2003. Alama juu mpaka chini, isipokuwa mstari mmoja. Kabulo Delphine, 2003. Alikuwa ameacha nafasi yangu kwa miaka mitatu, anasubiri. Navunja sharti kwa mara ya tatu na ya mwisho.

"Delphine, weye njo wa mwisho."

Mimi ndiye niliyebaki katika daftari zima, na hakusema kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira. Akatoka, akaniachia daftari, na viatu vyake nilivisikia mpaka nje.

Nililibeba daftari wiki tano. Sikulala vizuri, nilikuwa mkali kwa watoto wangu, nilikuwa napika nasahau chumvi. Mkurugenzi aliponiambia niandike wasifu huu nilidhani Mwalimu ndiye aliyemtuma. Nilimuuliza. Hapana, alisema, ni kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Basi Jumapili iliyopita nilikwenda kwa mama yangu, nikamkuta anachambua sombe, majani ya muhogo, nikamweleza yote: uongo wa neno, uongo wangu, baba, kiti. Nilidhani atalia. Mama aliendelea na sombe. Kisha akaniambia kwamba baba hakucheka siku ile kwa ajili ya Waingereza, kwani Waingereza alikuwa hana habari nao. Alicheka kwa sababu baada ya miezi minne mtoto wake alikuja akaketi karibu naye akamweleza kitu. Akasema kama ningemletea asili ya neno la kitanda, angecheka vile vile.

Nililia mimi. Halafu nikamsaidia sombe.

Jumatatu, tarehe 30 mwezi wa sita, ilikuwa sikukuu, hakuna masomo. Nikangoja Jumanne. Niliingia chumba namba 3, nikauacha mlango wazi kabisa, nikaandika copper ubaoni. Linatamkwaje, lina maana gani, limetoka wapi. Niliwaambia limetoka Kipro. Niliwaambia niliwadanganya na nilijua. Niligundua pia kwamba nilikuwa nimeeleza yote hayo natembea kutoka ukutani hadi ukutani. Wanafunzi waliuliza kama mukuba basi ni neno dogo. Nikawajibu kama Mwalimu alivyonijibu zamani nami sikutaka kusikia, kwamba neno halihitaji kufika Ulaya ndipo liwe neno. Wa miaka mitatu iliyopita nimeshaanza kuwatafuta. Ni mia nne na kumi na wawili. Nimenunua daftari langu. Kumi na saba nimewafikia tangu Jumanne, na miguu inaniuma mahali ambapo sikujua kuna mguu. Na ninyi mnaosoma programu hii mkiwa mmeketi, mliosoma kwangu, mnaojipepea nayo: mmeshaambiwa, lakini nitakuja hata hivyo.

Mwalimu Zakari, kwa niaba ya Mkurugenzi, walimu, wafanyakazi na wanafunzi wa Kituo cha Lugha Mukuba, tunakushukuru kwa maneno yote uliyotupa, na zaidi kwa lile moja ulilokuja kulichukua. Tunakuombea wewe na mama Najma afya, wajukuu wenye maswali mengi, na viatu vinavyodumu. Chumba namba 2 kitapata mwalimu mwingine, Mungu amsaidie.

Daftari lako liko kwenye meza ya mbele, kando ya keki. Nimelifungua ukurasa wa 2003, na kalamu iko juu yake. Nyuma ya meza tumekuwekea kile kiti cha chumba namba 2. Weka alama mbele ya jina langu, Mwalimu, halafu keti.